Doa Jeupe Lisilouma

Hapa Mtwara tumekua tukiambiwa: doa la mdomoni lisilouma halina neno. Si kweli. Mwangalie bibi anayeweka ugoro shavuni. Pale pale unapokaa ugoro utaona utando mweupe, mkavu, usiofutika hata ukiusugua kwa kitambaa. Utando wa fangasi kwa kawaida hukwanguka, huu hung'ang'ania. Madoa mengi ya namna hii hayageuki saratani, lakini baadhi hugeuka, tena kimyakimya. Maumivu huja nyuma. Njia ya kujua ni kukata kinyama kidogo kikapimwe maabara.

Marekani walijaribu nivolumab, dawa inayoziondolea breki seli za kinga, kwa wagonjwa 33 wenye madoa meupe sugu ya mdomoni. Kwa baadhi yalisinyaa. Bado ni utafiti. Doa likipita wiki 2, bibi, twende kwa daktari wa kinywa.