Kiganja kulala chali

Mzee mmoja mvuvi wa dagaa kutoka Kibirizi, hapa Kigoma, alikuja kwangu akiwa ametoka kufunguliwa hogo. Alikuwa amevunjika karibu na kifundo cha mkono. Kufumbata anaweza, kukunja kiwiko anaweza, ila chenji haipokei: kiganja kinaishia kutazama ubavuni na sarafu zinadondoka. Mwanafunzi aliyekuwa kando yangu akamwambia, "Mzee, fanya supinesheni." Mzee akanitazama mimi. Nikasema, "Mzee wangu, laza kiganja chali."

"Hapo umesema, mwanangu," akajibu, akaanza kujaribu.

Wala sikurahisisha kitu. Supinesheni imetokana na neno la Kilatini supinus, yaani aliyelala chali. Mwenzake, pronesheni, ametokana na pronus: aliyeinamia mbele, aliyelala kifudifudi. Wataalamu wa anatomia waliazima mlalo wa mwili mzima wakaupa mkono. Nasi jozi hiyo tunayo, chali na kifudifudi, tena hai kuliko Kilatini. Wanafunzi hukariri kwa supu, kwamba kiganja kimekaa kama bakuli. Kwenye mtihani inasaidia, lakini asili ya neno haimo humo.

Kinachogeuka hasa ni kigasha, yaani mkono kati ya kiwiko na kifundo. Kina mifupa miwili: alna upande wa kidole cha mwisho, rediasi upande wa gumba. Ukikinga mikono kuomba dua, mifupa hiyo imelala sambamba. Geuza viganja vitazame chini: alna inabaki karibu palepale, rediasi inazunguka na kuipanda kwa juu, mpaka zinapishana kama herufi X. Kule kiwikoni kichwa cha rediasi ni cha mviringo, kimezungukwa na ukano uliokaa kama pete, kwa hiyo kinajizungusha bila kuhama. Shika kigasha chako kwa mkono wa pili ugeuze polepole, utausikia mfupa ukipita.

Bega ndilo linalotudanganya. Mgonjwa akishindwa kugeuza kigasha, anainua au kusogeza kiwiko, na kiganja kinaonekana kimegeuka. Ndiyo maana nilimbana Mzee kiwiko ubavuni, kimekunjwa nyuzi 90, nikampa kalamu aifumbate ikiwa wima. Hiyo ndiyo sifuri. Ikilalia nje napima chali, ikilalia ndani kifudifudi. Mkono usio na tatizo huenda nyuzi 80 hadi 90 kila upande. Wake ulifika 30 kwenda chali, ukagoma.

Kiwiko kikiwa kimekunjwa hivyo, msuli wenye nguvu kubwa ya kulaza kiganja chali ni baisepsi, ule wa mbele ya mkono juu ya kiwiko, ambayo vijana wa gym hudhani kazi yake ni kukunja kiwiko tu. Muulize fundi anayetumia mkono wa kulia: kukaza skrubu kuna nguvu kuliko kuilegeza, maana kukaza ni kwenda chali.



Nikamwelekeza Mzee zoezi la nyumbani: kiwiko ubavuni, shika nyundo kwenye ncha ya mpini, acha kichwa chake kilalie nje taratibu, uzito uvute wenyewe, kisha irudishe wima. Akasema nyundo hana, ila kuna mwiko mkubwa wa kusongea ugali.

"Huo huo, Mzee. Ila ushike kwenye ncha, sio katikati."