Mnara wa Mortella na ule ufa wake

Mnara huu umepasuka kuanzia juu hadi chini. Nusu imeporomoka, nusu bado inaitazama Ghuba ya Saint-Florent, kaskazini mwa kisiwa cha Korsika. Kwa sisi tunaochunguza ngome za pwani, ufa huo ni zawadi: unaona unene wa ukuta bila kubomoa jiwe hata moja.

Jamhuri ya Genoa, dola ya zamani ya Italia, iliujenga miaka ya 1560, ukiwa mmoja wa minara mingi iliyokizunguka kisiwa. Waliohofiwa ni maharamia wa Afrika Kaskazini, waliokuja kuteka watu. Mlinzi akiona tanga geni huwasha moto juu. Mnara wa jirani ukiuona, nao huwasha wake.

Umaarufu uliujia zaidi ya karne mbili baadaye, tena kwa kazi ambayo haukujengewa. Februari 8, 1794, Waingereza waliushambulia kwa meli mbili: Fortitude yenye mizinga 74 na Juno yenye 32. Manowari hasa (hata neno lenyewe tumelitoa kwao). Mle ndani mlikuwa na Wafaransa 33 na mizinga mitatu. Walizichoma risasi za chuma hadi zikawa nyekundu, ndipo wakazifyatua. Baada ya saa mbili na nusu Fortitude ilijitoa ikiungua, mabaharia 6 wamekufa na zaidi ya 50 wamejeruhiwa. Mnara haukuwa na jeraha la maana.

Uliposalimu amri ni kwa mizinga iliyopandishwa kilimani, nayo ilihitaji siku mbili. Hata hapo ukuta haukutoboka. Zilizoshika moto ni kamba kuukuu za meli zilizoshindiliwa ukingoni kama kinga. Naona Waingereza walishika nusu tu ya somo. Mwaka 1793 mnara huohuo ulikimbiwa baada ya kupigwa kidogo tu na meli. Mawe yalikuwa yaleyale, waliobadilika ni watu.

Ila walishavutiwa. Napoléon alipotishia kuvuka bahari, walijenga minara 103 kwenye pwani za kusini na mashariki mwa England, wakaiita Martello. Jina la asili, Mortella, ni la mhadasi, kichaka kinachoota kwenye rasi uliposimama mnara. Njiani irabu mbili zikabadilishana nafasi.

Mwaka 1796 Waingereza walipoihama Korsika, waliutegea mnara baruti. Ule ufa ninaousifu ni kazi yao.