Kofia mbili za plastiki na albamu ya siku moja

Juzi, katika karakana yangu ya magitaa hapa Ngamiani, Tanga, niliyeyusha vizibo viwili vya chupa, nikavifinyanga kuwa kofia ndogo, nikazivika kidole cha kati na cha pete, mkono wa kubana nyuzi. Nikajaribu kupiga. Uzi siusikii kabisa. Nikilegeza, noti inakufa. Nikikaza, inapanda na kutoka nje ya sauti.

Ndivyo anavyopiga Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, bendi ya roki ya Uingereza. Akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini katika kiwanda cha mabati huko Birmingham, mashine ilimkata ncha za vidole hivyo viwili. Alijitengenezea kofia za plastiki ya chupa ya sabuni, akazibandika ngozi juu, na akafunga nyuzi za banjo kwa sababu ni laini. Wanaotoka mashamba ya mkonge hapa Tanga hawahitaji kuelezwa mashine inavyokula mkono.

Albamu yao ya kwanza, iliyobeba jina la bendi, walirekodi Oktoba 1969 katika studio ya Regent Sound, London, kwa siku moja tu. Siku hiyohiyo gitaa la Iommi, Stratocaster, lilikufa kile kisumaku kinachodaka sauti ya nyuzi, akachukua Gibson SG ya akiba. Hapo ndipo ulipozaliwa ule mlio mnene. Wimbo wa kwanza unaanza na mvua na kengele, halafu noti tatu: G, G ya juu, kisha C kali (C#), ambayo inaangukia katikati kabisa ya hizo mbili. Sikio linabaki linaning'inia, halijui litue wapi.

Albamu ilitoka Februari 1970. Lester Bangs, katika jarida la Rolling Stone, aliandika kwamba ni kama Cream, bendi ya mpiga gitaa Eric Clapton, ila wabaya zaidi. Sikubaliani naye hata kidogo, ingawa solo za upande wa pili kweli zinarefuka mno. Kumpima Iommi kwa wepesi wa Clapton ni kupima nazi kwa futi. Vidole vile vilihitaji noti chache, nzito, zinazoachwa zilie mpaka ziishe, na Geezer Butler akazifuata na besi yake. Wanunuzi walisikia: ilifika nafasi ya 8 Uingereza na ya 23 Marekani. Mwaka 2003 Rolling Stone hilohilo liliiweka kwenye orodha yake ya albamu 500 bora.

Mji huu unaelewa muziki wa namna hiyo. Hapa Black Star Musical Club waliingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarab, na bendi kama Atomic Jazz zilirekodi redioni wote wakipiga kwa pamoja, hakuna kurekebisha kesho.

Jana mzee mmoja, mpiga besi wa zamani, alikuja kuchukua gitaa lake akakuta wimbo ule unalia. Akakaa kwenye kibao, macho kafumba.

"Mwanangu, hawa walikuwa chumba kimoja," akasema. "Sikiliza ngoma inavyomsubiri mwenye gitaa."

Akaniomba nirudishe kwenye mvua.