Mwanamke, Kijana, Mlemavu: Anaingia Fungu Gani?

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani hapa Tanga, gusia tu kwamba ubaguzi mara nyingi hausimami peke yake, kwamba jinsia, umri, rangi, kipato na ulemavu humkuta mtu mmoja kwa mpigo, uone majibu yanavyomiminika. Mengi yamepinda.

“Hayo mambo ya wasomi, yamebuniwa chuoni.”

Jina ndilo la chuoni, kwa Kiingereza “intersectionality”, yaani ubaguzi wa aina kadhaa kumkuta mtu mmoja: Kimberlé Crenshaw, mwanasheria Mmarekani, alilitumia mwaka 1989. Kisa kilitoka kazini. Wanawake watano weusi waliishtaki General Motors. Kampuni hiyo haikuwa imeajiri mwanamke mweusi kabla ya 1964. Uchumi ulipoyumba ikapunguza watu kwa kuanzia na waliokuja mwisho, na wanawake weusi wote walioajiriwa baada ya 1970 wakatoka. Mwaka 1976 mahakama ikawaambia washtaki kama wanawake au kama weusi, si vyote pamoja. Na kampuni ilikuwa na wanawake, bwana! Weupe, maofisini. Weusi nao ilikuwa nao: wanaume, viwandani.

“Ni kuhesabu tu nani kaonewa zaidi.”

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kisheria, halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Sina ugomvi na mgawanyo huo. Lakini tuseme yupo binti wa miaka 24, kiziwi, anakaanga samaki pale Deep Sea. Kwenye karatasi anafaa mafungu yote matatu. Kikundi cha akina mama kinakutana bila mkalimani wa lugha ya alama. Cha vijana kimejaa watu wa bodaboda, na marejesho yamepangwa kwa mfuko wao. Cha wenye ulemavu kinaongozwa na wazee wa kiume wanaomwona bado mtoto. Kila kikundi kina sababu yake, tena ukiisikiliza utaielewa. Mwisho wa mwaka ripoti itasema wanawake wamekopa, vijana wamekopa, wenye ulemavu wamekopa, na haitakuwa imesema uongo. Yeye bado ananunua samaki kwa mali kauli.

“Basi sisi wanaume ndio waonevu, wao malaika.”

Nani kasema? Mama mwenye nyumba Raskazone anaweza kupunjwa mirathi na kaka zake, na mwezi huohuo akamzungusha mshahara dada wa kazi aliyemleta kutoka Lushoto.

“Sheria inawalinda watoto wote sawa.”

Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana, kwa ridhaa ya mzazi. Haikuwagusa wanawake wote, wala watoto wote; iliwagusa watoto wa kike. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kuwa vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa: anayemuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Kinga nzito, ila imeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi. Msichana wa umri uleule aliyeacha masomo kwa ufukara wa kwao hahesabiki humo.