Tumbo la Asubuhi: Maswali ya Wazazi wa Kigoma Kuhusu Hofu ya Watoto

Mwanangu yuko darasa la pili. Kila siku ya shule anaamka tumbo linamuuma, analia, ananing'ang'ania. Jumamosi mzima, anacheza. Si uvivu huu?

Si uvivu, mama. Tumbo linauma kweli. Mtu akishikwa na hofu moyo hudunda mbio, misuli hukaza, tumbo huvurugika. Hata mtu mzima hukimbilia chooni siku ya kesi. Anzia zahanati apimwe malaria na minyoo, maana kwetu Kigoma kila kuumwa lazima kuanzie hapo. Vipimo vikitoka safi, na hali ikadumu wiki nne au zaidi hadi anakosa masomo, huenda ni ugonjwa wa wasiwasi. Wa kwako anaogopa kuachana nawe. Mwingine huogopa watu hadi hatoi sauti darasani.

Lakini kwanza muulize taratibu: kuna anayempiga, anayemnyang'anya, anayemshika vibaya? Hofu yenye sababu haiondolewi kwa kumzoesha mtoto, huondolewa sababu yenyewe. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo.

Tutalazimika kwenda Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma?

Hapana. Wazazi wengi wakisikia "afya ya akili" wanaiona Dodoma, nauli, na maneno ya majirani, basi wanakaa kimya. Tiba iliyothibitishwa zaidi kwa watoto hawa ni ya mazungumzo na mazoezi, na si lazima iongozwe na daktari bingwa. Tangu 2008 Shirika la Afya Duniani lina mpango uitwao mhGAP, wa kuwafundisha wahudumu wa afya wa kawaida kazi za namna hii. Uliza kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Mambo yakiwa mazito, waombe rufaa ya kwenda Maweni, hospitali yetu ya mkoa.

Tena mzazi mwenyewe anaweza kuwa njia ya tiba. Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kilifuatilia watoto 124. Kundi moja lilitibiwa watoto wenyewe. Kundi jingine walifundishwa wazazi tu, mtoto hakuhudhuria hata siku moja. Matokeo hayakupishana.

Zoezi lenyewe likoje? Mimi nauza dagaa Kibirizi, alfajiri natakiwa mwaloni.

Makosa ni mawili, na yote hufanywa kwa upendo. La kwanza ni kumrudisha nyumbani: tumbo linatulia papo hapo, na kesho litauma zaidi, kwa kuwa limeonekana linasaidia. La pili ni kumtoroka akigeuka kidogo. Siku hiyo umepona, lakini kuanzia hapo hatakuachia kanga yako.

Kaa naye mpange ngazi. Jioni, shule ikiwa tupu, tembeeni hadi getini. Akizoea, hadi mlango wa darasa. Kisha asubuhi umpeleke, ukae chini ya mti anapokuona. Halafu ukae nje ya geti. Mwisho muagane njia panda, aende na wenzake. Kila ngazi irudiwe hadi achoke kuogopa, ndipo mpande. Akishindwa, rudini ngazi moja bila kumcheka. Mwambie: "Najua unaogopa, na najua utaweza." Ni wiki kadhaa za kuchelewa sokoni, tafuta shangazi au kaka mkubwa mpokezane.

Na mwone mwalimu mapema. Mtoto akichapwa kwa kuchelewa, mnaanza upya.

Je, hakuna dawa?

Ipo. Mwaka 2008 Wamarekani walitoa matokeo ya watoto 488 wa miaka 7 hadi 17. Baada ya wiki 12, waliopata tiba ya mazungumzo walipata nafuu kubwa karibu 60 kwa kila 100. Waliopewa dawa ya setralini, 55. Waliopata vyote viwili, 81. Waliomeza vidonge visivyo na dawa ndani, 24. Dawa hiyo huandikwa na daktari, naye humfuatilia mtoto kwa karibu, hasa wiki za mwanzo. Vidonge vya usingizi vya dukani usimpe kabisa.

Bibi yake anasema ni mapepo, na kila akilia anamficha chumbani kwake.

Dua msiache. Ila bibi mkalishe chini umweleze zile ngazi moja moja, tena umpe kazi: yeye ndiye awe wa kusindikiza siku ya njia panda.