Askari na punda wake: kumwandaa mnyama kwa filamu ya vita vya 1916

Hadithi nyingi za askari na mnyama wake ninazoletewa nizisome, zile za huku kwetu Moshi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mnyama huwa farasi. Nashauri farasi aondoke, aingie punda. Majeshi ya Jenerali Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, yalipoteka Moshi kutoka kwa Wajerumani Machi 1916, yakapigana Kahe, kisha yakashuka kufuata Mto Pangani, farasi waliteketea. Mbung'o waliwaambukiza nagana, yaani malale ya mifugo, usubi nao wakawaletea tauni ya farasi. Punda pia huugua nagana, lakini hiyo tauni kwa kawaida haimwangushi. Filamu ya familia inataka mnyama ambaye kweli angeishi muda wa kutosha kuzoeana na mtu.

Wafugaji wa Monduli na Longido wana punda wengi. Chukua wawili, usichukue mmoja. Punda aliyetengwa na mwenzake hulia mfululizo, na sauti yote ya siku hiyo inaharibika. Tafuta wenye umri wa kuanzia miaka mitano, kwato nzima, mgongo usio na donda. Linganisha ule msalaba mweusi unaokata mabegani: ukiwa mpana kwa mmoja na mwembamba kwa mwingine, watoto ndio watakaokuwa wa kwanza kugundua kwamba mnyama amebadilishwa. Kabla ya kuwasafirisha, pata kibali cha mifugo kwa afisa mifugo. Kibali cha Bodi ya Filamu ni jambo jingine, na hilo ni kazi ya mtayarishaji.

Mazoezi yachukue wiki nne angalau, dakika 15 asubuhi na 15 jioni. Mwigizaji mwenyewe ndiye ampe maji, amsugue, amwongoze. Mchungaji akifanya hayo kwa niaba yake, siku ya kurekodi punda atamtazama mchungaji. Kumfundisha kusimama mahali maalumu, laza ubao chini. Akiukanyaga kwa miguu ya mbele, mpe kipande cha karoti. Kila baada ya siku chache weka ubao mdogo zaidi, hadi kibaki kijiti kilichofukiwa vumbini ambacho kamera haikioni. Zawadi ziwe ndogo. Pumba na mahindi mengi humvimbisha kwato kwa ndani, na akianza kuchechemea kazi imesimama. Chakula chake hasa ni nyasi kavu na mabua.

Uso wa punda haubadiliki sana. Masikio ndiyo yanayoigiza. Yote mawili yakielekea mbele, mtazamaji anaona shauku. Moja likigeuka nyuma kwa askari anayezungumza, mtazamaji anaona kwamba anasikilizwa. Basi msaidizi akae nyuma ya kamera na kopo lenye punje chache za mahindi, alitikise mara moja tu, mwigizaji aseme maneno yake sekunde inayofuata. Kopo likitikiswa ovyo, punda huacha kulijali.

Bunduki ndiyo inayowashinda wengi. Punda akiogopa hakimbii kama farasi, huganda palepale, na muongozaji asiyemjua hudhani ametulia. Mwangalie mdomo: akiacha kutafuna na kuinua kichwa, mlio uko karibu mno. Anza na milio ya mbali, mita 200, wote wawili wakiwa wanakula, na usisogee karibu mpaka waendelee kutafuna. Mimi napendelea kurekodi bila mlio wowote na kuuongeza kwenye uhariri, kwa sababu hakuna picha inayostahili kumuumiza mnyama masikio.

Mzigo usiwe mtupu kabisa. Sanduku la risasi lisilo na kitu hurukaruka mgongoni na uongo unaonekana. Weka kilo tano za mchanga kila upande, zilingane, juu ya tandiko nene. Kamba ziwe za katani. Nailoni humchuna ngozi na hung'aa kwenye jua.

Tukio la punda kuanguka halihitaji dawa ya usingizi, na anayependekeza dawa asipewe kazi. Mvue tandiko akiwa na jasho, mpeleke kwenye vumbi laini, atajilaza kugaagaa mwenyewe. Kamera iwe tayari imewashwa.

Kuagana ndiko kugumu kuliko yote, kwa sababu punda hajui kwamba askari anaondoka moja kwa moja. Mtumie yule mwenzake. Msaidizi amwongoze nje ya fremu, upande uleule anaoelekea mwigizaji, kwa mwendo uleule. Punda aliyebaki atanyoosha shingo, atapiga hatua mbili tatu, pengine atalia, na macho yake yatakuwa yanamfuata askari. Rekodi asubuhi, kabla mawingu hayajafunika mlima, na usirudie zaidi ya mara mbili. Mara ya tatu anakuwa ameshajua kwamba mwenzake hurudishwa, anaanza kula majani.