Lango moja la kimelea cha nagana: maswali ya wafugaji wa Mombasa

Ng'ombe wangu homa hupanda, ikashuka siku chache, ikapanda tena. Kimelea hujificha wapi?

Siri yake si maficho. Kimo ndani ya damu, ila kinabadilisha nguo. Nagana, ndiyo homa hiyo ya ng'ombe, huletwa na tripanosoma, kimelea cha seli moja kinachoambukizwa na mbung'o. Wa jamii ya brucei ana urefu wa mikromita 20 hivi, yaani ukipanga hamsini kichwa kwa mkia utapata milimita moja. Mwili mzima amevaa kanzu ya protini ya aina moja, inayoitwa VSG kwa kifupi. Nakala zake ni kama milioni 10, zimebanana hata kingamwili, silaha za kinga ya ng'ombe, hazifikii kilicho chini yake.

Kinga ya ng'ombe ikishaitambua kanzu hiyo, huua karibu vimelea vyote vilivyoivaa, na homa hushuka. Lakini vichache huwa vimekwisha kuvaa nyingine. Brucei ana jeni za kanzu zaidi ya 2,000. Nyingi ni mbovu, lakini vipande vyake huweza kuunganishwa vikatoa kanzu mpya. Anavaa moja tu kwa wakati mmoja. Vile vichache huzaana, homa ikapanda tena. Hii ndiyo sababu kubwa iliyofanya chanjo ya nagana ishindikane hadi leo.

Kanzu hiyo hushonwa wapi, na hufikaje nje ya mwili wa kimelea?

Hapa inafaa tutulie kidogo, maana ndipo ugonjwa wenyewe unapoeleweka.

VSG hutengenezwa ndani, kwenye utando wa mikunjo unaoitwa endoplazimu. Mwanzoni protini huwa na kipande kifupi cha utambulisho kinachoielekeza kuingia humo. Ikishaingia, kipande hicho hukatwa. Kisha huongezewa sukari, na mwishoni hupachikwa mguu wa mafuta, ambao ndio utakaoishikilia kwenye ngozi ya seli. Isipopata mguu huo, haina pa kukaa. Kutoka hapo hupakiwa katika vifuko vidogo, ikapitia Golji, kituo cha kupanga na kukamilisha mizigo, ndipo ikapelekwa nje.

Sasa itatokea wapi? Chini ya ngozi ya tripanosoma kumepangwa mirija migumu, imekaribiana kama fito za nyumba ya udongo. Kifuko hakiwezi kupenya. Nafasi iliyobaki ni moja tu: kishimo kilicho kwenye shina la mjeledi wake, yaani uzi anaoogelea nao, upande wa nyuma. Tukiite mfuko wa mjeledi. Chukulia kisiwa cha Mombasa hakina njia ya Makupa wala daraja la Nyali, kila gunia la kuingia na kila gunia la kutoka lipite kivuko cha Likoni. Ndivyo anavyoishi mdudu huyu. Mfuko huo ni kama asilimia 5 tu ya ngozi yake yote, au chini ya hapo, lakini pilikapilika zake hazina mfano: kwa brucei aliye ndani ya damu, ngozi yenye eneo sawa na la mwili mzima humezwa na kurudishwa kila baada ya dakika 12 hivi.

Pilikapilika hizo zinamsaidia. Kingamwili ikinasa kwenye kanzu, kimelea huendelea kuogelea mbele, na mkondo wa damu unaosuguana naye huisukuma ile kingamwili kurudi nyuma, mpaka ikaangukia kwenye mfuko. Humo humezwa, ikapelekwa kwenye lisosomu, tumbo la seli, ikasagwa. VSG yenyewe hurudishwa nje ikiwa safi. Kwa hiyo kingamwili zikiwa chache hufagiliwa kabla hazijamdhuru. Hushinda pale tu zinapokuwa nyingi kupita uwezo wa lango.

Je, lango hilo likizibwa?

Maabara imeshalijibu hilo. Kumeza kunategemea protini iitwayo klatrini, inayokunja ngozi ya mfuko ikawa kifuko kidogo cha kuingia ndani. Watafiti walipoizima kwa brucei wa damu, mizigo iliendelea kutoka bila kuingia. Mfuko ukavimba kama puto mpaka kimelea kikaonekana kama jicho moja kubwa, kisha kikafa. Ni moja ya sababu za watafiti wa dawa kuliangalia lango hili kwa makini.

Mbona mimi nimeumwa na mbung'o mara nyingi na sikupata nagana?

Kwa sababu damu yako inamlisha kimelea sumu kupitia lango lile lile. Tripanosoma anahitaji chuma, na brucei humeza himoglobini, protini yenye chuma ya chembe nyekundu, iliyofungamana na haptoglobini, protini nyingine ya damu. Kwenye damu ya binadamu, mzigo huo umebeba na protini ya ApoL1. Ikifika kwenye lisosomu yenye asidi, hutoboa utando na kimelea hufa. Ng'ombe na mbuzi hawana ApoL1. Tahadhari ni moja: yuko ndugu yake, rhodesiense, mwenye protini inayoikaba ApoL1. Huyo ndiye huleta malale kwa watu Afrika Mashariki, na ng'ombe huweza kumbeba bila dalili kubwa. Ameripotiwa Uganda na magharibi mwa Kenya.

Ndigana kali na homa ya mkojo mwekundu nazo ni hivyo hivyo?

La. Hizo huletwa na kupe, na vimelea vyake huishi ndani ya seli za ng'ombe. Babesia wa homa ya mkojo mwekundu hutuma protini zake hadi kwenye ngozi ya chembe nyekundu alimoingia, na kwa aina ya bovis chembe hizo hunata kwenye mishipa midogo. Ndiyo maana ng'ombe huweza kuyumba au kuonyesha dalili za ubongo. Theileria wa ndigana kali hukaa ndani ya chembe nyeupe. Kwa mfugaji tofauti inaonekana kwenye dawa: diminazini hutibu nagana na babesia, lakini haitibu ndigana kali, inayohitaji bupavakwoni. Ukichoma diminazini kwa kubahatisha, ng'ombe wa ndigana kali atakufa ukidhani umeshamtibu.

Basi mpimaji afanye nini?

Achukue damu ya mshipa mdogo wa sikio, kwa kuwa tripanosoma wa jamii ya congolense hupenda kujikusanya kwenye mishipa midogo. Damu ya shingoni huweza kumkosa. Damu hujazwa kwenye kapilari, mrija mwembamba wa kioo, yenye kizuia-kuganda, ikazibwa upande mmoja na kuzungushwa mizunguko 12,000 kwa dakika, kwa dakika 5. Husomwa kwanza asilimia ya chembe nyekundu: ikishuka chini ya 24, ng'ombe ana upungufu wa damu. Kisha kapilari hukatwa kidogo chini ya utando mweupe unaotanda juu ya chembe nyekundu, na utando huo huangaliwa kwenye darubini vimelea vikiwa hai. Tripanosoma wa jamii ya vivax hukatiza mbio; congolense hajongei sana, hujishikiza kwenye chembe nyekundu. Kwa joto letu, damu iwekwe kwenye kasha la barafu bila kugusana na barafu yenyewe, na isomwe ndani ya saa chache. Kimelea kikifa hakichezi, na jibu la "hakuna" huwa la uongo.

Nilichoma diminazini, nagana ikarudi. Kosa liko wapi?

Mara nyingi ni kipimo. Diminazini huingia kwenye kimelea kwa kubebwa na protini zilizopachikwa kwenye ngozi yake. Brucei aliyepoteza mojawapo ya wabebaji hao huingiwa na dawa kidogo. Ukimpa ng'ombe nusu dozi, unaua vimelea vyenye milango mingi na kuviacha vyenye milango michache vizaane.

Kiwango cha kawaida ni miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito. Pakiti ndogo ya unga wa manjano, gramu 2.36, ina gramu 1.05 za diminazini. Huchanganywa na mililita 12.5 za maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, ikatoa kama mililita 15. Hesabu yake ni mililita 1 kwa kila kilo 20: ng'ombe wa kilo 240 apate mililita 12, ndani ya msuli, bora zigawanywe sehemu mbili. Pima kifua kwa utepe. Macho hudanganya, na ng'ombe mnene huishia kupewa dozi ya ndama. Usiongeze maji ili pakiti moja itoshe ng'ombe wawili. Iliyobaki usiiweke kwa ajili ya kesho.

Ikirudi pamoja na dozi sahihi, daktari wa mifugo huweza kuhamia dawa nyingine, isometamidiamu. Diminazini ni hatari kwa mbwa, punda na ngamia, kwa hiyo usiwachome kwa kufuata hesabu ya ng'ombe. Nyama na maziwa yasubiri siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa.

Nafuga Kisauni, mbung'o sijamwona. Ugonjwa umeingiaje?

Uliza ng'ombe alinunuliwa wapi. Kwenye msitu wa Shimba Hills, Kwale, kuna mbung'o wa aina tatu: pallidipes, austeni na brevipalpis. Ng'ombe aliyelishwa kandokando ya msitu ule hufika mjini akiwa na kimelea tayari. Akiingia zizini, vivax hahitaji tena mbung'o: pange na inzi wauma hubeba damu mbichi kwenye mdomo kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine.

Mgeni atengwe, apimwe damu kabla ya kuchanganywa na wenzake, arudiwe baada ya wiki mbili. Samadi iondolewe kila siku, kwa sababu inzi wauma hutaga humo na kwenye majani yaliyooza. Na siku ya chanjo au ya kuchoma dawa, kila ng'ombe na sindano yake, kwa kuwa damu iliyobaki kwenye ncha hufanya kazi ile ile ya mdomo wa pange.